Jinsi ya kutembelea makumbusho ya magari ya kale: we fuata maji tu

Wadau, hii ni kwa wale mnaopenda magari na mnaishi Ujerumani, au mnapita huko kikazi, kimasomo, kutembelea ndugu. Nataka niwaelekeze namna ya kutembea ndani ya makumbusho ya magari ya kale ili utoke umeelewa kitu, maana watu wengi wanaingia, wanapiga picha mbele ya gari zinazong'aa, saa moja na nusu wameshamaliza na hela ya tiketi imeenda. Natumia makumbusho ya Mercedes-Benz ya Stuttgart kama mfano kwa sababu pale gari zimepangwa kwa kufuata miaka, kuanzia 1886 kuja mbele, kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kushika spana anaweza kufuata. Zipo gari kama 160, ukisema uziangalie zote kwa uzito mmoja utachoka kabla hujafika katikati na mwisho wa siku hukumbuki hata moja.

Dawa yake ni hii: chagua kitu kimoja kwenye gari, kimoja tu, ukifuate kutoka gari ya kwanza mpaka ya mwisho. Unaweza kufuata breki, taa, matairi, hata milango. Mi nashauri ufuate maji, yaani namna injini inavyopozwa.

Kwa nini maji? Kwa sababu sisi tuliokulia kwenye mabasi na pikapu tunajua gari ikichemsha inakuwaje. Mnapanda Kitonga, au mnatoka Mai Mahiu kupandisha Limuru, mshale wa tempricha umeshalala kwenye nyekundu, dereva anapaki pembeni, konda anashuka na dumu, halafu kuna mmoja ana haraka anataka afungue mfuniko wa rejeta wakati bado wa moto na watu wote wanampigia kelele aache. Basi hilo hilo ndo liliwasumbua waliotengeneza gari za mwanzo kabisa, na ukiangalia walivyolitatua hatua kwa hatua utaelewa kwa nini gari ina sura hii iliyo nayo, kwa nini mbele kuna grili, na kwa nini ile nyota ya Benzi ilikaa pale ilipokaa.

Kabla hujaenda

Jumatatu wamefunga, usijisumbue. Siku nyingine wanafungua saa 3 asubuhi na ni vizuri ufike muda huo huo, kwa sababu mchana yanaingia makundi ya watalii na ya shule na kuona injini kwa karibu inakuwa kazi. Kutoka stesheni kuu ya Stuttgart unapanda treni ya mjini ya S1 unashuka Neckarpark, hapo unatembea kidogo tu, jengo lenyewe huwezi kulikosa. Bei na masaa vinabadilika, cheki mtandaoni kabla hujatoka. Vaa viatu vya kutembelea, maana njia yote ni mteremko wa kuzunguka na magoti yatajua. Tenga masaa manne. Na tafadhali usichanganye na makumbusho ya Porsche kule Zuffenhausen siku hiyo hiyo, najua mji ni mmoja na inatamanisha, ila kichwa hakibebi.

Jambo lingine, gari huwa zinatoka kwenda kwenye maonyesho sehemu nyingine na kurudi, kwa hiyo kama una gari moja maalumu unayoifuata, waandikie kwanza uulize kama ipo ndani.

Jinsi jengo linavyofanya kazi

Makumbusho haya yalifunguliwa 2006, yamechorwa na kampuni ya UNStudio ya Uholanzi, yana ghorofa tisa na hayana korido za kawaida. Unaingia chini, lifti inakupandisha mpaka juu kabisa, halafu unashuka kwa miguu. Njia za kushukia ni mbili zimesokotana. Ya kwanza ndo ya historia, inapita kwenye kumbi saba ambazo taa zake ni hafifu na gari zimepangwa kwa zama. Ya pili inapita kwenye kumbi tano zenye madirisha makubwa, humo wameweka gari za kazi, yaani mabasi, malori, zimamoto, ambulansi, na gari za watu maarufu. Kila ghorofa njia hizo zinakutana, kwa hiyo unaweza kuhama hama, lakini mi nakwambia usihame. Maliza kwanza ile ya historia mpaka chini, kisha panda lifti tena uje kwenye za kazi. Ukichanganya unapoteza mfuatano wa miaka na ile raha yote ya kuona kitu kikibadilika inapotea.

Kwa picha, kumbi za madirisha ndo nzuri. Kwenye kumbi za giza simu inahangaika, we piga picha ya kibao cha maelezo tu ukasome nyumbani.

Juu kabisa: gari isiyo na rejeta

Ukitoka kwenye lifti kitu cha kwanza ni farasi mweupe, sio gari. Wanataka ukumbuke kwamba watu wa wakati ule waliona farasi ndo usafiri, haya mengine yatapita. Mwangalie kisha songa.

Hapo jirani tafuta injini ndogo iliyosimama wima, inaitwa injini ya saa kubwa ya kusimama kwa sababu ya umbo lake, ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, 1885. Hii haina maji kabisa, inapozwa na hewa. Walikuja wakaifunga kwenye chombo cha magurudumu mawili cha mbao, chenye vigurudumu vingine viwili vidogo vya pembeni vya kuzuia kisianguke. Novemba 1885 mtoto wa Daimler, Paul, akakiendesha kutoka Cannstatt kwenda Untertürkheim, na kiti kikashika moto huko njiani kwa sababu kile kibomba cha kuwashia, ambacho kinakaa chekundu kwa moto muda wote, kilikuwa chini ya tandiko. Simama hapo uangalie umbali kati ya tandiko na injini, utaelewa mwenyewe. Chombo cha asili kiliungua kwenye moto wa kiwanda 1903, kwa hiyo popote duniani utakapokiona ujue ni nakala.

Na hapa niseme kitu muhimu: kwenye makumbusho yoyote ya magari, soma kibao kuona kama gari ni ya asili au imetengenezwa upya. Sio kwamba nakala haina thamani, nyingi zimetengenezwa na mafundi wazuri mno na zinatembea, lakini lazima ujue unaangalia nini. Ile gari ya Carl Benz namba moja yenyewe, kwa mfano, iko München kwenye Deutsches Museum, wamekaa nayo tangu 1906.

Sasa nenda kwenye hiyo gari ya Benz. Magurudumu matatu, silinda moja imelala nyuma, nguvu haifiki hata farasi mmoja kamili, spidi kama kilomita 16 kwa saa. Hati ya ubunifu ni ya tarehe 29 Januari 1886. Zunguka uende nyuma yake, watu wengi wanaangalia mbele wakati mbele hakuna kitu. Utaona gurudumu zito la chuma limelazwa chali, Benz alililaza hivyo kwa sababu aliogopa likisimama litasumbua usukani kwenye kona. Halafu tafuta maji. Rejeta hakuna. Kuna chombo tu cha maji juu ya silinda, injini inapata moto, maji yanachemka, mvuke unapanda unaondoka. Yaani gari ya kwanza duniani ilikuwa inachemsha muda wote, kuchemsha ndo ulikuwa mfumo wenyewe, na kazi yako dereva ni kuongeza maji.

Ukishalielewa hilo ndo utaiheshimu ile safari ya Bertha Benz. Agosti 1888, mke wa Carl alichukua gari na wanae wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim mpaka Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, bila kumwambia mumewe. Watu wanapenda kusimulia kwamba alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, na kwamba mafuta yenyewe alinunua kwenye duka la dawa pale Wiesloch, na ni kweli, fundi viatu pia alimpigilia ngozi kwenye breki. Ila kilichokuwa kinamsimamisha mara kwa mara ni maji. Kila penye kisima, kijito, hoteli, wanasimama wanaongeza. Na milimani watoto wanashuka wanasukuma. Kwa dereva wa kwetu hiyo safari haihitaji maelezo.

Kabla hujashuka, tafuta gari ya Daimler ya 1889 yenye magurudumu ya waya. Inaonekana nyepesi kama baiskeli mbili zimeunganishwa, na fremu yake ni ya mabomba. Humo ndani ya mabomba ya fremu ndo maji yalikuwa yanazunguka kupoa. Maybach aliona mabomba yapo tayari na upepo unayapiga, akaona kwa nini asipitishe maji humo. Mi hii gari naipenda kuliko zote za ghorofa ile, na ni ya kupiga magoti uangalie viungo vya fremu vizuri.

Ghorofa inayofuata: hapa kaa muda mrefu

Hapa ndo penyewe. Kama una masaa mawili tu ya ziara nzima, nusu saa iwe hapa.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 injini zilikuwa zinakua haraka kuliko uwezo wa kuzipoza. Unaweza kutengeneza injini kubwa vipi wakati ukiikanyaga dakika kumi inachemka? Gari za Daimler za wakati huo zilikuwa ndefu kwenda juu, zito mbele, na Machi 1900 dereva wao Wilhelm Bauer alifia kwenye mashindano ya kupanda mlima pale Nice, Ufaransa. Mfanyabiashara aliyekuwa anawauzia gari matajiri wa Nice, Emil Jellinek, akawaambia anataka gari ya aina nyingine kabisa, ikae chini, iwe pana, iwe nyepesi, iwe na nguvu, na akaagiza 36 kwa mkupuo. Sharti lake lilikuwa ziitwe jina la binti yake, Mercédès, aliyekuwa na miaka 10.

Maybach akachora, na gari ya kwanza ikatoka kiwandani Desemba 1900. Kilichoiwezesha yote hiyo ni rejeta. Alichukua vijibomba vidogo vya mraba, milimita 6 kwa 6, vipande 8,070, akavipanga akavilehemu pamoja vikawa ukuta mmoja mbele ya injini, hewa inapita ndani ya vijibomba, maji yanapita kwenye nafasi nyembamba katikati yake, na nyuma yake akaweka feni kwa ajili ya mwendo wa pole. Maji yaliyokuwa yanahitajika yakashuka kutoka lita 18 hadi 9. Ukishakuwa na rejeta ndogo inayopoza vizuri, unaweza kuweka injini ya nguvu ya farasi 35, boneti ikashuka, gari ikalala chini. Ilipoenda Nice Machi 1901 ikashinda karibu kila kitu.

Pale makumbusho utaikuta ndugu yake ya 1902, Simplex ya nguvu 40, moja ya Mercedes kongwe zaidi zilizobaki duniani. Fanya hivi: simama mbele yake, inama mpaka macho yawe usawa wa rejeta, usogee karibu kadiri kamba inavyoruhusu. Ukiangalia kwa mbali unaona kitu kama chujio la shaba. Ukisogea unaona matundu, kila tundu na kuta zake nyembamba, yamepangana kama sega la nyuki, na ukibahatika taa iko nyuma utaona mwanga unapita katikati. Kila ulehemu hapo ulifanywa na mkono wa mtu. Fundi rejeta yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar, akiona ile kazi atavua kofia, maana anajua kulehemu tundu moja linalovuja tu ni shughuli, sasa zidisha mara elfu nane.

Halafu rudi nyuma hatua kadhaa uiangalie gari nzima. Injini mbele, rejeta mbele ya injini, boneti, usukani umelala, viti viko chini. Hii ni gari tunayoijua, zile za ghorofa ya juu zilikuwa mikokoteni yenye injini.

Kushuka chini: rejeta inakuwa sura

Kuanzia hapo utaenda haraka kidogo, kwa sababu rejeta imeshapatikana, kinachobadilika ni jinsi wanavyoipamba na kuificha. Ile nyota yenye ncha tatu ilisajiliwa 1909 na ikaanza kukaa kwenye rejeta. Kwenye gari za miaka ya 1920 na 1930 angalia juu ya rejeta, nyota imesimama juu ya mfuniko, na ule ni mfuniko kweli, ukiuzungusha unamwagia maji. Baadaye rejeta ilijificha nyuma, mfuniko ukahamia chini ya boneti, nyota ikabaki pale pale juu.

Kwenye ukumbi wa kompresa utakuta gari kama 500 K, hizo hata asiyependa magari anasimama. Kompresa, yaani pampu ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini, inaingia kazini dereva akikanyaga pedeli mpaka mwisho, na yale mabomba manene ya chuma yanayotokea ubavuni mwa boneti ni ya eksozi, yametolewa nje wazi wazi, joto limefanywa urembo. Karibu na hapo usiipite 260 D ya 1936, haina mvuto wa macho lakini ndo mwanzo wa Benzi za abiria za dizeli, wateja wake wakubwa walikuwa wenye teksi, na kila teksi ya dizeli uliyowahi kupanda ina undugu nayo.

300 SL ya 1954, ile ya milango inayofunguka kwenda juu, utakuta imezungukwa na watu. Wengi wanadhani milango ile ni mbwembwe. Fremu yake ni ya mabomba membamba yanayopanda juu ubavuni, mlango wa kawaida usingepata pa kukaa, na boneti iko chini vile kwa sababu injini imelazwa ubavu. Kwa watu wa kwetu, mi ningeshauri pia mtumie dakika chache kwa zile Benzi zenye mapezi nyuma, zilizotoka kuanzia 1959. Bodi zao mbele na nyuma zimetengenezwa zikunjike kwenye ajali ili chumba cha abiria kibaki salama, wazo la Béla Barényi, na ni aina hiyo, 220 SE, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1961, baada ya Benzi za 219 kushinda 1959 na 1960. Vumbi, matope na milima ya Afrika Mashariki ndo vilikuwa mtihani wao.

Chini kabisa: gari iliyofunga pua

Ukumbi wa mwisho ni wa gari za mashindano na rekodi, zimepangwa kwenye ukuta uliopinda. Kuna Blitzen Benz, injini lita 21.5 na silinda nne tu, ilikimbia kilomita 228 kwa saa pale Daytona, Marekani, 1911. Lakini we uliyefuata maji kuna gari moja unaitafuta, ya fedha, imefunikwa mpaka magurudumu, mwaka 1938. Iangalie mbele. Grili hakuna. Kuna vitundu viwili vidogo tu vya hewa ya injini kupumulia.

Walijua kwamba tundu la rejeta linakamata upepo na kuila spidi, kwa hiyo wakaliziba, na injini wakaipoza kwa sanduku la maji na barafu lililowekwa mbele. Tarehe 28 Januari 1938 Rudolf Caracciola akaiendesha kwenye barabara kuu kati ya Frankfurt na Darmstadt, 432.7 kwa saa. Kilomita moja kwa spidi hiyo ni sekunde 8 na kidogo, barafu inatosha kabisa kwa muda huo, na gari haikuhitaji kupoa zaidi ya hapo. Siku hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, Bernd Rosemeyer wa Auto Union, kampuni pinzani, alijaribu kuipiku rekodi akafa. Simama na hilo pia, makumbusho ya magari yana watu waliokufa ndani yake na sio haki kuyapita kama duka.

Mzunguko wa pili

Panda lifti uje kwenye gari za kazi, hapa huhitaji mpango, tembea tu. Kuna basi la Argentina lililopambwa rangi, mtu wa daladala au matatu atalielewa bila kusoma kibao. Kuna lori la bluu la kubebea gari za mashindano, lilikuwa linafika 170 kwa saa, la asili lilikatwa chuma chakavu 1967 na hili limetengenezwa upya. Na kwenye mkusanyiko wao kuna teksi ya Ugiriki, 240 D ya 1976, iliyotembea kilomita milioni 4.6. Muulize mhudumu kama iko kwenye maonyesho siku hiyo.

Kama hauko Stuttgart

Njia ni ile ile. Mulhouse, Ufaransa, karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani, kuna mkusanyiko wa ndugu wawili wenye viwanda vya nguo, Hans na Fritz Schlumpf, walionunua magari kwa siri mpaka viwanda vikafilisika na wafanyakazi wakavamia jengo 1977. Bugatti ni zaidi ya 100, na rejeta zao nyingi zina umbo la kiatu cha farasi, fuata umbo hilo kutoka gari ndogo ya mashindano mpaka zile Royale mbili. Walioko Ghuba wana makumbusho ya magari ya kale ya Sharjah. Na popote utakapokuta Ford Model T, inama uangalie: karibu zote hazina pampu ya maji, maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka, basi, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 hivyo hivyo. Ukikuta Volkswagen ile ya mgongo wa duara usitafute rejeta, injini iko nyuma na inapozwa na hewa, kama ile ndogo ya 1885.

Mwisho, ukibaki na muda Stuttgart, nenda Cannstatt Taubenheimstraße, kwenye kibanda cha bustani ambacho Daimler na Maybach walifanyia kazi. Walijifungia humo usiku na mchana mpaka mtunza bustani akawaripoti polisi akidhani wanatengeneza pesa bandia. Ni kadogo, hakafunguliwi kila siku, angalia ratiba yao kwanza.